Sura ya Saba: Milimita 50 Baada ya Magharibi

Pwani yetu haina jioni ndefu. Jua hushuka karibu wima, na tangu linapozama mpaka giza lishike haipiti nusu saa. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa London na New York vina sura nzima juu ya mwanga wa jioni, ule wa dhahabu, unaomvumilia mpiga picha mpaka amalize filamu yake. Hapa Unguja mwanga huo haumngoji mtu. Adhana ya magharibi ikikukuta Forodhani, ukizungukazunguka kidogo tu kabla ya kufika Jaws Corner utakuwa tayari unategemea taa: balbu ya dukani, kioo cha simu, makaa ya muuza kahawa chini ya dele lake.

Na hapo ndipo watu wanapotoka. Mchana wa pwani ni wa kazi na wa kulikimbia jua. Barazani watu hukaa usiku, bao hunoga chini ya balbu, shughuli za harusi hukesha, na mwezi wa Ramadhani mji mzima huamka jua likishakuchwa. Mwenye kamera inayolala saa 12:30 jioni amejinyima nusu ya mji wake, na pengine nusu iliyo bora.

Lenzi ninayoizungumzia katika sura hii ndiyo iliyonifungulia nusu hiyo. Ni lenzi ya urefu mmoja, haivuti karibu wala kusukuma mbali. Tundu lake ni kubwa. Fokasi yake huwekwa kwa mkono, kwa kuzungusha pete. Yangu ni Nikkor ya milimita 50, f/1.4, ya kizazi cha AI kilichoanza mwaka 1977, uzito wake kama robo kilo. Kamera niliyonayo leo ni ya kidijitali isiyo na kioo cha ndani, changa kwa lenzi hiyo kwa miongo kadhaa, lakini wanaelewana. Ninachokishikilia ni hiki: tundu lile kubwa liliwekwa kwa ajili ya giza, na pete ile inakulazimisha uamue. Anayeinunua ili nyuma ya uso wa mtu pawe maziwa matupu hajaitumia hata robo.

Tuanze na giza, maana lina hesabu yake. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa upana wa tundu. Milimita 50 kwa f/1.4 maana yake ni tundu la karibu milimita 36, mlango mpana. Sasa chukua lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi za kwanza, ile ya milimita 18 hadi 55. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6, yaani halifiki milimita 10. Lenzi zikiwa na urefu sawa, mwanga hupita kwa kadiri ya eneo la tundu, kwa hiyo f/1.4 hupitisha mwanga mara 16 ya f/5.6. Sebule yenye taa moja ya kawaida huniruhusu kupiga kwa ISO 1600, tundu f/1.4, kasi ya 1/100. Mwenye f/5.6, kwa ISO ileile, atalazimika kushuka hadi 1/6. Kwa kasi hiyo bibi akicheka, picha inakuwa na bibi wawili.

Kasi ya 1/100 sikuitaja ovyo. Umeme wa Tanzania na Kenya, kama ule wa sehemu kubwa ya dunia nje ya Marekani, huenda kwa hezi 50, na taa nyingi humemeteka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Sensa huona. Ukipiga kwa 1/250 chini ya balbu za bei nafuu, hasa kwa shata ya kielektroniki, utakuta michirizi ya giza imepita picha nzima. Kwa 1/100 au 1/50 kila sehemu ya picha hupata mpigo mzima wa taa, na michirizi hutoweka. Ni jambo dogo, lakini nimeona watu wakiipeleka kamera kwa fundi kwa sababu yake.

Kupiga picha kwa mwanga wa taa ndogo kuna historia ndefu, na kisa chake kinachonivutia zaidi ni cha sinema. Stanley Kubrick alipotengeneza Barry Lyndon, iliyotoka mwaka 1975, alitaka baadhi ya maonyesho ya ndani ya karne ya 18 yaangazwe kwa mishumaa peke yake. Lenzi za sinema za wakati ule hazikutosha. Akaipata Carl Zeiss Planar ya milimita 50 yenye f/0.7. Zilitengenezwa kumi tu: sita zikaenda NASA kwa kazi ya kupiga picha mwezi, moja wakabaki nayo Zeiss wenyewe, tatu akazinunua Kubrick. Kamera ya Mitchell ikabidi ichongwe upya ili lenzi ile iweze kuingia. Tundu lake ni zaidi ya milimita 71, na hupitisha mwanga mara nne ya lenzi yangu.

Shida ikaja kwenye fokasi. Mwigizaji akiinama kidogo kwenye meza ya karata, ameshatoka kwenye ukali. Wakaweka kamera ya video ubavuni, ikimtazama mwigizaji kwa pembe ya digrii 90, ili mshika fokasi aone kwenye skrini kila sentimita anayosogea mtu na kuifuata kwa mkono. Waigizaji nao wakaambiwa watulie. Ule utulivu mzito ambao watazamaji wa Barry Lyndon huusifu kama sanaa ya Kubrick una deni kwa lenzi. John Alcott, aliyeisimamia kamera, akapata tuzo ya Oscar. Namtajia kisa hiki kila mwenye kuniambia kwamba fokasi ya mkono ni ya watu maskini wasio na kamera nzuri.

Umbo la ndani la vioo hivi limezeeka kuliko wengi wanavyofikiri. Paul Rudolph wa Zeiss aliitoa Planar ya kwanza mwaka 1896: vipande sita vya kioo katika mafungu manne, nusu ya mbele ikielekeana na nusu ya nyuma. Ilikuwa nzuri kwenye karatasi kuliko kwenye kamera. Mafungu manne yana nyuso nane zinazogusana na hewa, na kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga katika kila uso, hivyo zaidi ya robo ya mwanga ilipotea au kuzagaa ndani na kuifanya picha iwe na weupe wa ukungu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, naye wa Zeiss, akabuni utando mwembamba wa kupaka juu ya kioo ili kisirudishe mwanga. Baada ya hapo umbo la Rudolph likapata maisha. Helios 44 ya Warusi, iliyozaliwa kutokana na Biotar ya Zeiss na kutolewa kwa wingi mno pamoja na kamera za Zenit, ni ya ukoo huo. Hata Nikkor yangu, na karibu kila milimita 50 ya miaka ya 1960 na 1970 utakayoikuta sokoni, ina damu hiyo.

Sasa pete. Mwaka 1985 Minolta ilitoa Maxxum 7000, yenye mota ya fokasi ndani ya kamera yenyewe, na tangu hapo dunia ikaanza kusahau kuzungusha. Sina ugomvi na fokasi ya kujiendesha. Mtoto akikimbia kuelekea kwako, mashine itamshinda mwanadamu. Lakini angalia kinachotokea ukiwa umbali wa mita moja na mtu, tundu likiwa f/1.4: eneo lililo kali ni kama sentimita 3. Jicho likiwa kali, sikio limeshayeyuka. Katika sentimita hizo tatu lazima uweke kitu kimoja, na mashine haijui unataka kipi. Macho ya mchezaji wa bao au kete zilizo mkononi mwake? Uso wa mama au sufuria anayoifunulia mvuke? Ukiwa na pete, kabla ya kubonyeza umeshajibu. Unaweza kujibu vibaya, lakini jibu ni lako.

Kamera za siku hizi husaidia. Nyingi zinaweza kupaka rangi kingo za vitu vilivyo kwenye fokasi, na kukuza sehemu ya picha ili uione kwa karibu. Ile rangi ni nzuri kwa f/4 na kuendelea. Kwa f/1.4 ni mwongo: hupaka kope, pua na mkufu kwa pamoja, ukidhani vyote vimekaa. Tumia ukuzaji. Weka fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, kisha acha pete, usogee wewe mwenyewe mbele au nyuma kidogo mpaka kope zitulie. Kifua na kiuno hufanya kazi kwa wepesi kuliko vidole. Na kama kamera yako ina kizuia mtikisiko cha ndani, iambie kwamba lenzi ni ya milimita 50. Lenzi ya zamani haina namna ya kujitambulisha yenyewe, wala kamera haitaandika popote ulitumia tundu gani.

Ucheleweshaji huu una adabu yake. Mzee mmoja wa barazani, aliyezoea vijana kumnyooshea simu na kuondoka, alinitazama nikizungusha pete akaniuliza, "Mjukuu wangu, imekwama?" Nikamjibu, "La, babu, nakuweka sawa." Akajiweka sawa na yeye, akarekebisha kofia, akaendelea na bao. Mtu anayeona unahangaika kwa ajili yake huwa mwepesi wa kukusahau baadaye, na picha nzuri huja akishakusahau. Milimita 50 inakuweka umbali wa mazungumzo. Huwezi kumwiba mtu ukiwa ng'ambo ya barabara, lazima uamkie, upige hodi, ukubaliwe au ukataliwe. Ukikataliwa, weka kamera mfukoni unywe kahawa yako. Kwa mji ambao picha zake nyingi za zamani zilipigwa studio, watu wakiwa wamevaa na wamejiandaa, kama zile za Capital Art Studio ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa mwaka 1930, kuingia na kamera mahali mtu alipo na kandambili si haki ya mpiga picha. Ni ruhusa.

Jambo ambalo vitabu vya kigeni hulipitia haraka ni namna ya kupima mwanga kwenye nyuso zetu. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mchana: kipima huiona kanzu, hupunguza mwanga, na uso huwa kivuli chenye meno. Mtu huyohuyo usiku, mwenye giza nyuma yake: kipima huliona giza, huongeza mwanga, na shavu linalong'aa kwa taa huungua. Kamera imekosea mara mbili kwa mtu mmoja, kwa pande mbili tofauti. Dawa yake ni ya kale. Nyosha kiganja chako kwenye mwanga uleule unaomwangukia mtu, pima kiganja, kisha ongeza mwanga kwa hatua moja, yaani uufanye maradufu. Viganja vya watu wa rangi zote havipishani sana, na huwa na weupe wa kama hatua moja zaidi ya kijivu kile cha kipima. Ukishapata kipimo, usikiguse mpaka taa ibadilike. Avae nyeupe, avae kaniki, uso utabaki vilevile katika kila picha. Kama unaitazama picha kwenye skrini na ngozi inaonekana ya kijivu badala ya nyeusi yenye mng'ao, umeongeza mno.

Mchana lenzi hii ni kitu kingine kabisa. Wazee wa filamu walikuwa na kanuni: jua kali, tundu f/16, kasi sawa na ISO yako. Kwa ISO 100, ni 1/100. Jaribu kufungua hadi f/1.4 kwa mwanga huo na utahitaji kasi ya 1/12,800. Zenit-E iliishia 1/500, na kamera nyingi za miaka ya 1970 ziliishia 1/1000, kwa hiyo watu wa wakati ule hawakuwa hata na uwezo wa kufanya ufujaji huo. Leo kuna vichujio vya giza na shata za kielektroniki, na matokeo yake kila picha ya saa sita mchana inatoka na jicho moja na ukungu. Kufungua tundu lote pasipo haja ni israfu. Fahamu pia kwamba vioo vya zamani vikifunguliwa kabisa vina ulaini fulani, na kingo za nguo nyeupe juani huota uzi wa zambarau. Kwenye f/2.8 mambo hayo huwa yamekwisha kwa sehemu kubwa, na kwenye f/8 lenzi iliyopita miaka 40 hukata vizuri kama mpya.

Mchana ninafunga hadi f/11, nazungusha pete mpaka mita 3, naiacha. Kwa hesabu ya milimita 50 kwenye sensa kamili, kila kitu tangu kama mita 2.2 hadi karibu mita 5 kitakuwa na ukali wa kutosha. Lenzi za zamani zimechongwa mizani ya jambo hili kwenye shingo zake, mistari miwilimiwili kwa kila tundu. Lenzi nyingi mpya zimeiondoa, na hilo siwasamehe watengenezaji. Baada ya hapo sizungushi tena. Nafanya kama mvuvi wa dema: natega mahali panapopitwa, nasubiri kiingie chenyewe. Msukuma mkokoteni wa Darajani akifika mita 3, nabonyeza. Kwa namna hii fokasi ya mkono huwa haraka kuliko mashine yoyote, kwa kuwa imeshafanyika.

Usisahau ukubwa wa sensa. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa ya APS-C, ambayo kwayo milimita 50 huona kama 75. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe utajikuta mgongo uko ukutani na bado mtu hajaenea. Kwa kamera hizo nunua milimita 35. Kuna kampuni za Shenzhen, kama TTArtisan na 7Artisans, zinazotengeneza lenzi mpya kabisa za fokasi ya mkono zenye tundu kubwa, kwa bei isiyotisha.

Ukienda kwenye ya zamani, nenda na tochi. Adui wa lenzi pwani ni unyevu. Kuvu huota juu ya kioo, hutandaza nyuzi kama mizizi, na hutoa asidi inayokula ule utando wa Smakula. Ikifika huko, hata fundi akisafisha alama itabaki. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mbele ukiipinda huku na huku. Vumbi kidogo halina neno. Mkwaruzo mmoja wa mbele hauna neno. Nyuzi, ikatae, hata ukiambiwa bei ya kutupa. Tazama pia vibapa vya tundu: joto huyeyusha grisi ikavifikia, vikawa vizito. Kwenye kamera ya filamu hilo ni kasoro kubwa, maana vibapa hutakiwa kujifunga kufumba na kufumbua. Kwenye kamera isiyo na kioo, ambapo unavifunga mwenyewe kwa pete, unaweza kuvumilia na kutumia hoja hiyo kupunguziwa bei.

Ukikuta Super-Takumar 50 f/1.4 ya Asahi yenye kioo cha manjano kama chai ya rangi, usishtuke. Toleo lake la vipande saba lina kioo chenye thoriamu, madini ya mionzi midogo, na mionzi hiyo hukipaka kioo umanjano kadiri miaka inavyopita. Mwanga wa juani huuondoa. Wenzetu wa Ulaya hununua taa maalumu kwa kazi hiyo. Sisi tuna dirisha. Ila usiiweke juani ikiwa imeelekea kitu kinachoshika moto, maana ni kioo cha kukusanyia jua.

Ukifika nayo nyumbani, ule mfuko wa ngozi uliokuja nayo utoe. Ngozi hunywa unyevu na kulisha kuvu. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, vifuko kadhaa vya silika ndani, vinakaushwa vikishalowa, inatosha. Na lenzi inayotumika kila siku, inayopata hewa na jua, huugua mara chache kuliko ile inayotunzwa.

Pete ya kuunganisha lenzi na kamera isikunyime usingizi. Kazi yake ni kujaza nafasi tu: Nikkor ilitengenezwa kukaa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, Sony ya leo ina 18, pete hujaza 28.5 zilizobaki. Haina kioo ndani. Jaribu kitu kimoja dukani: zungusha hadi mwisho wa mbali, piga mnara au mlingoti ulio mbali sana. Ukiwa mkali, chukua.

Kwa kazi ya kulipwa hii isiwe lenzi yako pekee. Bi harusi haingii ukumbini mara mbili, na mteja hataki kusikia habari za Paul Rudolph. Kwa siku hiyo beba lenzi yenye fokasi ya kujiendesha, f/1.8 mpya inatosha. Hii ni ya kwenu: futari, barazani, bibi anapokuna nazi, wadogo zako kwenye mwanga wa televisheni. Kwa mtu anayeanza, Helios 44-2 au milimita 50 yoyote ya f/1.8 au f/2 iliyotumika inatosha kabisa, na tofauti yake na f/1.4 ni chini ya hatua moja au moja tu. Fedha itakayosalia isafishie picha dukani, uwapelekee wenyewe waliomo.